Duka la Kuku na Hoteli ya Mama

Nilirudi Nyeri na pesa zangu mwenyewe, na hilo nataka lijulikane kabla ya jambo lingine lolote. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala mheshimiwa aliyenipigia simu mahali. Nilisomea diploma ya upishi na usimamizi wa hoteli katika chuo kimoja hapa hapa mjini, nikilala kwa shangazi katika chumba cha kuwekea magunia ya mahindi, kisha nikaenda nchi za Ghuba kuosha trei katika duka la kuku wa kukaanga. Nilipoondoka huko, zaidi ya miaka kumi baadaye, nilikuwa meneja wa tawi. Wafanyakazi wangu walitoka katika mataifa ambayo wengi wa wanakijiji wenzangu hawawezi kuyaonyesha kwenye ramani, na kila asubuhi walinisubiri niseme ndipo kazi ianze. Nikiwa nimeyapa mafuta kisogo, ningejua kwa mlio wake kama kuku ametiwa mapema mno. Si watu wengi wa Othaya, nyumbani kwetu, wanaoweza kusema hivyo.

Nikiwa bado huko, nilinunua ploti ndogo mjini Othaya, kando ya njia ya hospitali, nikajenga jengo la mawe lenye vyumba viwili vya mbele na nyumba ya kuishi nyuma. Humo mama alihamishia hoteli yake, ambayo kwa miaka yote ya utoto wangu ilikuwa kibanda cha mabati. Ploti iko kwa jina langu, na leseni ya biashara iko kwa jina langu, kwa sababu mama alikataa kusimama foleni kwa ajili ya karatasi za nyumba ambayo, kwa maneno yake, hakuijenga yeye. Chai ya maziwa, mandazi, chapati, githeri ya mahindi na maharagwe, na supu siku za soko. Hayo ndiyo mapishi yaliyonilipia karo, na sijawahi kuyaonea haya.

Lakini mtu aliyeongoza tawi la kuku Ghuba harudi nyumbani kuuza mandazi. Niliporudi nilijenga nyumba yangu nje kidogo ya mji wa Nyeri, mke wangu akapata uhamisho kutoka shule aliyokuwa akifundisha, na mimi nikaanza kutafuta biashara ya kunitosha. Ndipo nikasikia kwamba kampuni moja ya Nairobi, yenye maduka ya kuku na chipsi katika miji kadhaa, ilikuwa inatafuta mtu wa kuliingiza jina lake Nyeri. Kampuni haikutaka kufungua yenyewe. Ilitaka mtu alinunue jina, ajenge kwa gharama zake, auze kwa kanuni zao. Nilipoipeleka historia yangu ya kazi, yule mama wa ofisini aliyekuwa akishughulikia maombi aliisoma mpaka mwisho, akasema, "Watu kama wewe huwa hawatujii." Nilimwamini, kwa sababu ilikuwa kweli.

Watu huniuliza biashara ya namna hiyo hugharimu nini, na kwa kuwa nililisoma jambo hilo kuliko mtu yeyote ninayemjua hapa, nitaeleza. Kuna ada ya maombi, ambayo hairudi hata wakikukataa. Kuna ada ya kuingia, ambayo ndiyo bei ya jina lenyewe, nayo hainunui hata kijiko. Kisha kuna jengo. Katika barabara ambayo watu wa Nyeri hupita kwa miguu, hupati chumba bila kumlipa gudwili, yaani pesa za kukuachia nafasi, mpangaji anayetoka, na anayetoka huwa ameuza viatu humo miaka mingi na anajua unachokitaka. Baada ya hapo unavunja sakafu na kuiweka upya kwa vigae vya rangi yao, unanunua mashine za kukaangia kutoka kwa muuzaji wao, friza zao, taa zao, hata vibao vya choo. Unalipia mafunzo ya wafanyakazi, na mimi, niliyefundisha wafanyakazi nusu ya maisha yangu, ningelipia mafunzo yangu pia. Na ukishafungua, kila mwezi wanachukua fungu lao katika mauzo, na fungu jingine la matangazo.

Viazi ndivyo vilivyoniumiza zaidi. Mlima huu umezungukwa na viazi. Kutoka Kieni hadi upande wa Meru, lori zinashuka zikiwa zimejaa hadi kamba zinalia. Mimi ningeuza chipsi zilizokatwa Nairobi, zikagandishwa, zikaletwa katika gari la barafu kupita katikati ya mashamba ya viazi. Niliuliza sababu. Nikaambiwa ladha lazima iwe moja kila mahali. Jibu hilo nililielewa, maana na mimi niliwahi kulitoa.

Kabla ya kuweka sahihi nilifanya kile ambacho diploma yangu ilinifundisha: nikaenda kutazama. Kutus nilimwona mtu anayeuza kuku bila jina lolote la kununua, karai moja na jiko la makaa, na wafanyabiashara wa mchele wamemzunguka tangu saa sita. Nanyuki nilimtafuta mwanamume aliyekuwa amenunua jina la kampuni nyingine ya namna ile. Duka lake lilikuwa safi, na hilo nilimsifu. Tulikaa kwenye meza ya kona, peke yetu, ingawa ilikuwa saa ya chakula cha mchana.

"Mkubwa, umekuja siku ya ukweli," aliniambia. "Hawa askari wa kigeni wakikuja mazoezi, hapa hakuna kiti. Wakienda, mimi na hizi friza tunaangaliana tu."

"Na kampuni inakata wapi? Kwa faida?"

"Faida gani? Wanakata kwa mauzo. Hata nikilia, wao wameshachukua yao."

"Lakini jina si linavuta watu?"

"Linavuta. Siwezi danganya. Wale wa kutoka Nairobi wakiona hiyo taa wanaingia bila kuuliza." Alichukua chipsi moja kutoka sahani yangu akaitazama. "Lakini siwezi badilisha hata chumvi. Mke wangu aliniambia niweke chai, kwa hii baridi yote ya hapa. Nikaandika Nairobi. Wakasema hapana. Wewe ulikuwa nani huko Arabuni?"

"Meneja wa tawi."

"Basi hapa utakuwa meneja tena, tofauti ni kwamba mshahara unajilipa mwenyewe." Alicheka, nikacheka pia, kwa heshima. Njiani kurudi nilijiambia kwamba yule alishindwa kwa kuwa hakuwa amesomea kazi. Nyeri haitegemei kambi ya mtu. Nyeri ina ofisi za serikali, ina mahakama, ina walimu na polisi waliohamishiwa hapa kutoka magharibi na mashariki ya nchi, ambao hawana jikoni pa kurudia mchana. Nilikuwa nimewaona. Hesabu ilikubali.

Kisha wakanitumia mkataba, nikausoma mwenyewe, bila wakili, kwa kuwa mkataba wa namna ile niliujua tangu Ghuba. Kilikuwemo kifungu kilichosema kwamba mnunuzi, mke wake, wazazi wake au watoto wake wasimiliki wala kuendesha biashara nyingine ya chakula kilichopikwa ndani ya eneo atakalopewa. Eneo langu lilikuwa kaunti nzima ya Nyeri. Othaya imo.

Nilimpigia simu yule mama wa ofisini. Nilimweleza kwamba ile ni hoteli ya chai, ya vijijini, haina uhusiano wowote na kuku wao.

"Ninakuelewa kabisa, bwana," alisema, na nadhani alinielewa. "Lakini leseni ina jina lako."

"Nikimhamishia mama?"

"Mzazi ametajwa. Mwingine alituambia ni kibanda cha dada yake, tukaja kukuta anauza kuku wetu huko kwa bei yake. Ifunge au iuze, halafu tuendelee. Tuna mwombaji mwingine, lakini tunakutaka wewe."

Mke wangu alikuwa akisahihisha madaftari mezani alipolisikia hilo. Hakuinua kichwa. "Utamwambia nini mama?"

"Nitamwambia ukweli. Amechoka. Magoti yanamuuma. Nitamlipa kila mwezi zaidi ya anachopata pale."

"Sijauliza utamlipa nini," alisema, akaendelea kusahihisha.

Hapa lazima nieleze jambo moja kuhusu mimi na mama. Kwetu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu wa upande wa baba, na wa pili hupewa jina la babu wa upande wa mama. Mimi ni wa pili. Kwa hiyo tangu nikiwa mchanga mama huniita Baba, na haniiti hivyo kwa mzaha. Nilipokuwa mdogo alinichapa kama mama yeyote, lakini baada ya kunichapa aliniomba msamaha kama mtu aliyemkosea mzee wake. Babu huyo sikumjua. Nasikia alikuwa mtu wa maneno machache sana.

Nilimkuta mama nyuma ya kaunta, anafuta glasi. Mezani walikuwa wamekaa wanawake wawili na mzee mmoja wa kanisa, na kwenye kiti cha nne walikuwa wameweka suti ya mwanamume kwenye hanga, imefunikwa kwa nailoni. Mtu yeyote wa Othaya anajua maana yake. Chumba cha maiti cha hospitali hakiko mbali na pale, na familia inayokuja kuchukua marehemu wake hufika alfajiri na nguo za kumvalisha. Wanaotoka vilima vya mbali wanakuwa wameondoka nyumbani bila kutia kitu mdomoni. Mama alianza kuwapikia tangu wakati wa kile kibanda cha mabati. Anayebeba nguo za marehemu halipi chai katika hoteli yetu. Haulizwi anatoka wapi wala aliyefariki ni nani. Hakuna aliyelitangaza jambo hilo popote, lakini hata madereva wa magari ya mazishi wanalijua, na huwashusha watu mlangoni pa mama kabla ya kwenda kuegesha.

Nilisubiri watoke. Kisha nilimweleza mama yote, tukizungumza Kikuyu chetu, kwa utaratibu na kwa upole. Nilimweleza duka litakavyokuwa, taa zake, vigae vyake. Nilimweleza kile kifungu. Nilimwambia atapumzika.

Aliendelea kufuta glasi ileile.

"Hao watu wa Nairobi wamewahi kufika hapa?" aliuliza.

"Hapana."

"Wanajua nauza nini?"

"Nimewaambia."

"Na wanaogopa mandazi."

"Si kuogopa, mama. Ni sheria yao. Hata mimi nikiwa meneja ningesema vivyo hivyo."

"Na wewe, Baba, unasemaje?"

Nilimwambia kwamba naona tufunge, lakini tufikirie kwanza, hakuna haraka. Nina hakika nilisema tufikirie. Mama aliiweka glasi rafuni, akaniuliza kama nimekula, akanipa chapati mbili nimpelekee mke wangu.

Wiki iliyofuata niliteremka tena Othaya asubuhi na mapema. Ilikuwa Julai, msimu ule ambao ukungu hukaa juu ya majani chai hadi karibu saa nne na watu huzungumza wakiwa wameficha mikono. Nilitaka kumwambia mama kwamba kampuni imenipa muda zaidi. Mlango wa hoteli ulikuwa na kufuli. Nilizunguka nyuma. Sufuria kubwa zote zilikuwa zimeoshwa na kufudikizwa ukutani, zimepangwa kuanzia kubwa hadi ndogo. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha sebuleni, amevaa kitambaa chake cha kanisani, ingawa haikuwa Jumapili.

"Nimefunga," alisema.

"Nani alikuambia ufunge?"

"Wewe."

"Mimi nilisema tufikirie."

"Ulisema tufunge, halafu ukasema tufikirie. Baba yangu alikuwa akisema mara moja. Nilichukua la kwanza."

Katika kazi yangu nimefukuza watu, nimewapandisha watu vyeo, nimejibizana na wakaguzi kwa lugha tatu. Pale nilisimama na funguo za gari mkononi. Nilikuwa nimetafuta idhini ya mama, na badala yake nilikuwa nimepewa utii wa mtoto kwa baba yake. Kitu hicho sikukiomba, wala sikujua namna ya kukirudisha.

Ndipo tukasikia mtu akibisha mlango wa mbele.

"Hodi hapa? Mama hayuko?"

Nilimtazama mama. Hakuinuka. "Hoteli ni yako," alisema. "Waambie."

Nilikwenda mbele. Walikuwa watano au sita, wameshuka kutoka nyuma ya pikapu. Mzee mmoja alikuwa amevaa koti zito na kofia. Mwanamke wa makamo alikuwa ameshika hanga yenye gauni jeupe la msichana, na nailoni yake ilikuwa imelowa umande. Niliwaambia, kwa heshima, kwamba hoteli imefungwa.

"Ni sawa, kijana," mzee alisema. "Tuliambiwa hapa ndio kuna chai. Si neno. Acha tu huyu mama asimame hapa kwa ukuta kidogo, upepo uko upande ile ingine."

Yule mwanamke hakuwa akimsikiliza. Alinitazama akasema, taratibu kabisa, "Niko na dawa ya presha ya kumeza, na daktari alisema nisimeze bila kukula. Nitameza tu nikitoka huko ndani."

Alipotaja huko ndani aligeuza uso kuelekea hospitali.

Nilirudi nyuma, nikachukua ufunguo msumarini, nikafungua mlango wa mbele. Niliwakaribisha ndani. Gauni nililipokea kwa mikono yangu miwili nikalitundika mahali ambapo lisingegusa ukuta. Kisha nikawasha meko. Kuni zilikuwa zimepigwa na baridi na moshi ulijaa, lakini moto niliuwasha, na wala sikumwaga mafuta ya taa kama wafanyavyo wavivu. Niligeuza sufuria ya kati, nikateka maji, nikaenda kwa jirani kuomba maziwa. Sikuwa nimepika chai kwa kuni tangu nikiwa mwanafunzi. Unga nilioukuta nilikanda chapati, na wakati nikisukuma ya pili nilisikia kiti cha sebuleni kikilia, halafu miguu ya mama sakafuni. Alisimama nyuma yangu akiwa bado na kitambaa cha kanisani.

"Umekoroga chai kwa mwiko wa ugali," alisema.

"Sikuuona mwingine."

"Uko mahali ulipokuwa siku zote." Alinisogeza kwa kiwiko, akachukua kifimbo cha kusukumia chapati mkononi mwangu.

Nilipeleka chai mezani. Mzee wa koti alikunywa, akasema, "Hii imepikwa na mwanaume."

"Imepikwa na mtu wa diploma," mama alijibu kutoka jikoni.

Mtu mmoja alicheka, kisha wawili. Yule mwanamke hakucheka, ila alikula chapati yote, akatoa karatasi ya dawa kwenye mkoba, akameza. Mzee aliingiza mkono mfukoni, nami nikautoa mfukoni kwa mkono wangu kabla hajasema lolote. Walipotoka, mzee ndiye aliyelibeba gauni.

Mama aliosha vikombe. Nilimsubiri amalize.

"Fungua," nilimwambia.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Mara moja?"

"Mara moja."

Alivua kitambaa cha kanisani, akakikunja mara nne, akafunga cha kazi. Hatukulizungumza tena.

Nilipiga simu Nairobi siku ileile. Yule mama wa ofisini alisikitika kweli, akanikumbusha kwamba ada ya maombi hairudi. Nilimwambia nilikwisha kuisoma sehemu hiyo. Sitaki mtu yeyote adhani lilikuwa jambo jepesi. Nilikuwa nimejiandaa kwa lile duka tangu siku yangu ya kwanza ya kuosha trei. Hakuna kingine nikifanyacho vizuri kama hicho, na kwa umri wangu sitarajii jina jingine la ukubwa ule litafute mtu wa Nyeri. Kwa sasa ninasimamia jiko la hoteli moja ya watalii upande wa Nanyuki, narudi nyumbani mwisho wa wiki. Mshahara ni mzuri. Biashara si yangu.

Yule mwombaji mwingine alilichukua lile jina. Duka liko katika barabara niliyoichagua mimi, na Jumamosi foleni hufika nje. Niliingia siku moja, nikalipa kama mtu yeyote, nikala nimeketi karibu na kaunta ili nione wanavyofanya kazi. Jioni nikateremka Othaya. Mama alikuwa ameshasikia kwamba limefunguliwa.

"Uliwahi kuingia?" aliuliza.

"Nimetoka huko."

"Huyo kuku alikuwa mtamu?"

"Alikuwa mtamu."

Alinimiminia chai, akaisogeza karibu yangu. "Wewe ungempika vizuri zaidi."

"Ningempika vizuri zaidi," nilisema, na hiyo ni kweli.